Mdogo Wake Nani?



Nawasalimu ninyi mlioko hapa Voi mjini, Mwatate, Wundanyi, Taveta, Sagalla, Kasigau na Mbololo, pamoja na watoto wetu mlioko Mombasa, Nairobi na kule Ghuba mkitafuta riziki. Mungu wetu ni mwema, na Krismasi inabisha hodi. Najua wengine mmeshaanza kutafuta tiketi za treni ya kuja nyumbani.

Neno la leo: Marko 6:3, Yohana 6:8-9 na Yakobo 1:1. Fungua Biblia yako usome mwenyewe. Mimi nitalieleza tu kwa maneno yangu.

Ujumbe huu umetoka mahali ambapo sikuutarajia. Umetoka ndani ya droo ya ofisi ya kanisa.

Wale wa zamani mnamkumbuka mzee wetu mmoja aliyefanya kazi ya uhudumu miaka mingi katika loji ya watalii ndani ya Tsavo. Mnajua wageni wakiondoka huacha vitu: kofia, vitabu, mafuta ya jua, viatu vya kutembelea porini. Yeye alikuwa akiomba ruhusa na kuweka kando zile CD za muziki. Alipostaafu alizileta kanisani katika katoni, wakati ule bado tunaabudu chini ya turubai na mvua ikinyesha tunasogeza viti. Akaniambia, "Pasta, hizi sijui ni za nani, lakini sauti ni sauti. Huenda siku moja zikafaa." Nilizisikiliza moja mbili, nikazihifadhi. Mzee amelala katika Bwana, na katoni ikabaki.

Jumanne iliyopita nilikuwa natafuta kitabu cha risiti cha shule ya Jumapili, nikaikuta CD moja chini kabisa ya droo. Juu yake imeandikwa *I Want a Smile for Christmas*, yaani mtu anasema kwamba Krismasi hii anachokitaka ni tabasamu. Ni albamu ya mwaka 1994. Mwimbaji anaitwa Freddy Cole. Siku hizi kompyuta hazina hata mahali pa kuingiza CD, kwa hiyo ilibidi niipeleke nyumbani kwenye deki ya zamani ya mama mchungaji, ile anayotuambia kila mwaka kwamba itatupwa na kila mwaka inabaki.

Kijana mmoja wa mitambo alikuwa amekuja kuchukua nyaya za spika. Akaketi, akasikiliza kidogo, akasema, "Pasta, si huyu ni yule Nat King Cole? Yule wa ule wimbo wa Krismasi wa supamaketi?"

Nikamwambia, "Hapana, huyu ni mdogo wake."

Akasema, "Aa, basi ngoja nikutafutie yule mwenyewe."

Akatoa simu, na kabla dakika haijaisha Nat King Cole alikuwa anaimba sebuleni kwangu, na Freddy amezimwa.

Kijana huyo simlaumu, alitaka kunisaidia. Lakini lile neno lake lilibaki na mimi usiku ule wote. *Yule mwenyewe.* Nikajiuliza: kama yule ndiye mwenyewe, huyu mwingine ni nani?

Kabla sijaendelea najua kuna mpendwa atauliza, "Pasta, umeanza lini kusikiliza jazi?" Usiwe na wasiwasi. Sikuipeleka CD hii madhabahuni. Lakini Roho Mtakatifu ni mwalimu, na mwalimu mzuri hufundisha kwa chochote kilicho mkononi. Yesu alifundisha kwa samaki, kwa chachu, kwa ndege na kwa shilingi iliyopotea. Leo nivumilieni na deki ya mama mchungaji.

Basi nikaanza kumtafuta huyu Freddy. Nilichokipata kimenifanya niandike.

Kwanza, hawa ni watoto wa pasta. Baba yao, Edward Coles, alikuwa mchungaji wa Kibaptisti. Mama yao, Perlina, alipiga kinanda kanisani, na ndiye aliyewafundisha wanawe nyumbani. Familia ilitoka Montgomery, Alabama, ikahamia Chicago. Wana wanne wa kiume wakawa wanamuziki: Eddie, Nat, Ike na Freddy. Nat alizaliwa mwaka 1919. Freddy ndiye kitinda mimba, alizaliwa mwaka 1931. Hapo tayari kuna miaka 12 katikati. Freddy alipoanza kuelewa dunia, kaka yake tayari ameondoka nyumbani kutafuta jina, na jina akalipata.

Na si jina dogo. Ule wimbo wa Krismasi ambao kijana wetu aliukumbuka, *The Christmas Song*, Nat aliurekodi mara ya kwanza mwaka 1946, na ile sauti inayosikika zaidi siku hizi aliirekodi mwaka 1961. Kuna jambo moja litawachekesha watu wa Voi. Walioutunga, Mel Tormé na Robert Wells, waliuandika katika joto kali la Julai mwaka 1945 huko California. Walikuwa wanafikiria baridi ili wajipoze! Kwa hiyo unapouskia hapa kwetu Desemba, jasho linakutiririka na bati linalia kwa jua, jua kwamba hata wenyewe walitoka jasho.

Nat alifariki Februari 15, 1965, akiwa na miaka 45 tu, kwa saratani ya mapafu. Na mtu mkubwa akifa kijana, jina lake huzidi kukua.

Sasa fikiria wewe ndiye Freddy. Ulitaka kuwa mchezaji wa kandanda ya Kimarekani, ukaumia mkono, ndoto ikafa. Ukarudi kwenye piano ya mama. Ukasoma kwa bidii, ukaenda hadi Juilliard kule New York, kisha ukapata shahada ya uzamili katika chuo cha muziki cha New England. Yaani darasani umemzidi kaka yako kwa mbali. Lakini unapopanda jukwaani na kufungua kinywa, watu wanasikia marehemu. Sauti ni ya damu moja, utaifanya nini? Koo ni lile lile Mungu alilowapa. Ukiimba nyimbo zake wanasema unamwiga. Usipoziimba wanaziomba. Na wakishalipa kiingilio wanakwambia, "Tulikuja kwa sababu ya kaka yako."

Freddy aliishi hivyo zaidi ya miaka 60. Alipiga piano katika vilabu vidogo, mji kwa mji. Aliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy zaidi ya mara moja na hakuichukua hata mara moja. Alifariki Juni 27, 2020, akiwa na miaka 88, na habari nyingi za kifo chake zilimtaja kaka yake karibu na jina lake.

Watu wa Mungu, sisi wa Taita Taveta tunalifahamu jambo hili. Mwana wa nchi hii, Fadhili William, aliurekodi "Malaika" mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baadaye Miriam Makeba na Harry Belafonte wakauimba, ulimwengu ukawajua. Boney M, hao hao ambao albamu yao ya Krismasi ya mwaka 1981 inatikisa kila duka na kila matatu hapa Voi ifikapo Desemba, mwaka huo huo walitoa "Malaika" yao. Muulize kijana yeyote hapo stendi, Boney M anawajua. Muulize Fadhili William wa Taita, atakuuliza, "Huyo anagombea kiti gani?" Wimbo unaweza kujulikana dunia nzima na aliyeubeba kwanza asijulikane nyumbani kwao.

Lakini sikuandika ili tulilie wanamuziki. Nimeandika kwa sababu ya dada mmoja.

Ni mshirika wetu. Amenipa ruhusa niseme, bila jina na bila kijiji. Ni kitinda mimba wa watoto watano. Mama yao alipopatwa na kiharusi, wale wanne walikuwa mbali kikazi, naye akabaki. Ni miaka sita sasa. Yeye ndiye anayemgeuza mama kitandani usiku asipate vidonda. Yeye anamwogesha, anamlisha uji kwa kijiko, anateremka na mboga sokoni na kupanda tena kabla dawa ya saa kumi. Kaka yao mkubwa amefanikiwa, na simsemi vibaya, kwa kweli amejenga nyumba nzuri, analipa hospitali, anatuma pesa. Mungu ambariki.

Krismasi iliyopita kaka alikuja na wageni wake kutoka mjini. Mbuzi wawili, pilau, kimanga, soda kreti kwa kreti. Ikaombwa sala ndefu ya kumshukuru Mungu kwa ajili ya "mtoto aliyeikumbuka nyumba hii." Yule dada alikuwa anapita na birika na beseni akiwanawisha watu mikono. Mgeni mmoja, bila nia mbaya, akauliza, "Na huyu msichana wa kazi mmempata wapi? Ana adabu sana." Kaka akacheka kidogo, akasema, "Ah, huyu ni mdogo wangu tu."

Dada aliniandikia wiki jana: "Pasta, sikuumia kwa lile la msichana wa kazi, yule mgeni hakujua. Niliumia kwa ile *tu*. Mwaka huu nitapika, nitawatengea, halafu nitateremka Voi nikae kanisani peke yangu mpaka waondoke. Naomba tu ufunguo."

Wapendwa, nilisoma ujumbe ule nikakaa kimya. Neno lenye herufi mbili limemtoa mtu kwenye meza ya mama yake.

Njoo sasa tuingie katika Neno.

Kuna mwanafunzi wa Yesu ambaye Biblia mara nyingi inapomtaja inamwekea alama ya mtu mwingine. Ni Andrea. Soma Yohana sura ya kwanza: Andrea, nduguye Simoni Petro. Soma Yohana sura ya sita, mkutano wa watu elfu tano wenye njaa: Andrea tena, nduguye Simoni Petro. Hebu angalia jambo hili kwa makini. Katika ile sura ya kwanza Petro hajafanya lolote! Hajahubiri, hajatembea juu ya maji, hajamfahamu Yesu hata kidogo. Andrea ndiye aliyemwona Masihi kwanza, akaenda kumtafuta kaka yake, akamleta. Bila Andrea, Petro angekuwa bado anashona nyavu. Lakini kitabu kinapoandikwa, aliyeleta anatambulishwa kwa jina la aliyeletwa.

Je, umewahi kumwona Andrea akilalamika? Mimi sijaona. Kila mara nikimkuta anafanya kazi ile ile: anamleta mtu kwa Yesu. Alimleta kaka yake. Alimleta mtoto mwenye mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Wayunani walipotaka kumwona Yesu, katika Yohana 12, Filipo alimwendea nani? Andrea. Hana mahubiri yaliyoandikwa kama ya Pentekoste. Hana waraka. Lakini ana watu, na watu ndio Yesu alikufa kwa ajili yao.

Tena angalia jambo lingine. Andrea alipomleta yule mtoto, yeye mwenyewe alilidharau lile fungu. Aliuliza, kwa watu wengi hivi, hivi vitasaidia nini? Ni kama alisema, "Ni mikate mitano *tu*." Mtu anayeitwa "ndugu wa fulani" naye alikuwa na neno *tu* mdomoni! Na Yesu hakubishana naye. Aliichukua ile mikate, akashukuru, akaimega. Bwana hana habari na *tu* yetu. Alichoona mikononi mwa mtoto kilimtosha.

Lakini twende ndani zaidi, maana huu ni msimu wa Krismasi.

Tunaimba habari za Mtoto aliyezaliwa Bethlehemu. Je, tumewahi kuwafikiria wadogo zake? Marko 6:3 inawataja: Yakobo, Yose, Yuda na Simoni, na dada zake pia. Mfikirie Yakobo! Unalalamika kwamba kaka yako ni injinia? Kaka yake Yakobo hakutenda dhambi hata siku moja! Ukivunja mtungi nyumbani kwa Yusufu na Mariamu, utamsingizia nani? Yohana 7:5 inatuambia wazi kwamba ndugu zake hawakumwamini wakati ule. Hatuambiwi walikuwa wanafikiri nini. Lakini wewe uliyekua kwenye kivuli cha mtu, unaweza kuelewa kidogo.

Sasa rudi Marko 6:3 uone ni nani anayesema maneno yale, na kwa nini. Ni watu wa Nazareti. Yesu amerudi nyumbani, amefundisha kwa hekima, na wao wanataka kumshusha. Wanamshusha kwa njia gani? Wanauliza, huyu si yule seremala, mwana wa Mariamu? Si kaka yao Yakobo na Yose na Yuda na Simoni?

Umeona? Siku hiyo aliyeitwa "ndugu wa fulani" alikuwa Yesu! Bwana wa utukufu, ambaye malaika walimwimbia usiku wa kuzaliwa kwake, amesimama katika kijiji chake na watu wanamwambia: wewe ni ndugu ya hawa tu, tunakujua. Mwanangu, dada yangu, ile *tu* uliyoambiwa ukiwa na birika mkononi, Mwokozi wako naye aliambiwa. Hakuisoma kitabuni. Iliingia masikioni mwake, kwao, mbele ya watu waliomlea. Ndiyo maana ukimlilia kuhusu jambo hili huhitaji kueleza sana. Anajua.

Sasa tazama alichomtendea Yakobo. Paulo anasema katika 1 Wakorintho 15:7 kwamba Yesu alipofufuka alimtokea Yakobo. Aliwatokea wengi, lakini Yakobo ametajwa kwa jina. Hakutumiwa salamu kupitia kwa wengine. Kaka alimtafuta mdogo wake. Na yule aliyekuwa haamini akawa nguzo ya kanisa la Yerusalemu. Katika Matendo 15, mjadala ulipokuwa mkali, Petro alisema, Paulo na Barnaba wakasema, na aliyetoa neno la kufunga alikuwa Yakobo.

Halafu siku moja Yakobo akashika kalamu kuandika waraka. Hapa ndipo mahali pa kujitambulisha. Kama ni mimi na wewe, tungeandika nini? "Mimi Yakobo, ndugu yake Bwana, tuliyelala naye chumba kimoja." Paulo mwenyewe anamwita ndugu yake Bwana katika Wagalatia 1:19, kwa hiyo cheo kilikuwepo, halali kabisa. Yakobo 1:1 haina neno hilo. Anajiita mtumwa wa Mungu na wa Bwana Yesu Kristo. Hakulitumia jina la kaka yake kama ngazi. Na Yuda, yule mwingine, anaanza waraka wake akijiita mtumwa wa Yesu Kristo, kisha anaongeza bila aibu yoyote kwamba ni ndugu yake Yakobo. Mmoja hakupanda juu ya jina la kaka, mwingine hakuona haya kutajwa pamoja na kaka. Watu hawa walikuwa huru.

Uhuru huo ulitoka wapi? Walijua kwanza wao ni wa nani. Ukijua wewe ni wa Bwana, jina la ndugu yako halikumezi tena, wala halikusumbui.

Hapo ndipo nilimkumbuka Freddy. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alitoa albamu aliyoiita *I'm Not My Brother, I'm Me*, yaani mimi si kaka yangu, mimi ni mimi. Alikuwa anakaribia miaka 60 wakati huo. Fikiria umri huo na bado unaeleza watu wewe ni nani. Miaka michache baadaye ndipo alipotoa hii ya Krismasi ninayoizungumzia. Kwangu mimi huo ni ujasiri. Kaka yake ndiye mwenye Krismasi, dunia nzima inajua hivyo, na yeye anaingia shamba lile lile, bila kuomba radhi, kwa sauti yake yenye mikwaruzo, nzito kidogo kuliko ya Nat. Ukiisikiliza bila kumtafuta mtu mwingine ndani yake, ni sauti ya mzee anayezungumza nawe jioni kazi zikiwa zimekwisha.

Lakini hakuishia hapo. Mwaka 2016, akiwa amepita miaka 80, Freddy alitoa albamu nyingine akaiita *He Was the King*, yaani yeye alikuwa mfalme. Albamu nzima ya kumheshimu kaka yake. Umeona mpangilio? Kwanza, mimi si kaka yangu. Halafu, kaka yangu alikuwa mfalme. Mtu ambaye hajasimama kwa miguu yake hawezi kumheshimu ndugu yake kwa moyo mweupe. Atamsifu kwa unafiki au atamsema jikoni. Ukishasimama, unaweza kumvisha ndugu yako taji, na kichwa chako kisipungue kitu.

Basi wapendwa, wiki hizi chache zilizobaki tufanye mambo matatu.

Kwanza, wewe unayekuja nyumbani na gari na zawadi. Karibu sana, tunakushukuru, na Mungu akuzidishie. Lakini kabla hujafungua buti la gari, ingia jikoni. Mtafute aliyebaki. Mwite kwa jina lake, si kwa jina lako. Wageni wako wakimuuliza, usiseme "mdogo wangu tu." Sema, "Huyu ndiye anayemtunza mama yetu. Mimi hutuma pesa, yeye hutoa miaka yake." Hutapungukiwa na chochote. Tena siku ile wewe chukua birika unawishe watu mikono. Bwana wetu alichukua beseni, sembuse wewe?

Pili, wazazi na wazee wa familia. Sala ya chakula isigeuke ripoti ya nani ameleta nini. Ukitaja mtoto mmoja, wataje wote. Yule mlevi mtaje. Yule asiye na kazi mtaje. Kwenye pilau mbele za Mungu hakuna daraja la kwanza na daraja la pili. Isaka alimpenda Esau, Rebeka akampenda Yakobo, na nyumba ile ilipasuka kwa sababu ya sahani ya chakula. Mizani iache sokoni kwa muuza nyanya.

Tatu, wewe uliyebaki. Nakuomba usiondoke mezani. Ufunguo wa kanisa nitakupa siku yoyote ya mwaka, hata usiku wa manane, na mama mchungaji atakuwekea chai. Lakini siku ya Krismasi natamani ukae kwenye kiti chako, kando ya mama yako, maana wewe ndiye unayejua kijiko anachokipenda. Petro alipomtazama Yohana na kumuuliza Yesu, huyu naye itakuwaje, Bwana alimjibu kwamba hilo halimhusu, yeye amfuate tu. Soma Yohana 21:20-22. Hesabu ya kaka yako iko kwa Bwana. Yako pia iko kwa Bwana, na haijaandikwa ndani ya daftari la mtu mwingine.

Dada yule bado hajaniambia atafanya nini. Nimempa ufunguo kama alivyoomba, kwa sababu mtu aliyechoka humlazimishi. Tumwombee. Na kama wewe ndiye kaka yake na umesoma hadi hapa ukajitambua, simu yake unayo. Krismasi bado haijafika.

Tuombe.

Baba wa mbinguni, wewe uliyetuumba mmoja mmoja tumboni mwa mama zetu, asante kwa ndugu uliotupa. Wapo waliotutangulia, wapo waliotupita, wapo tuliowapita. Tuponye na kulinganishwa. Mwenye jina kubwa mpe moyo mdogo. Aliyesahauliwa jikoni mpe kusikia ukimwita kwa jina lake. Mtembelee leo kila mtu anayemgeuza mzazi wake kitandani, mtie nguvu mgongoni na usingizi mwema usiku. Rudisha watu mezani. Bwana Yesu, wewe uliyeitwa ndugu ya fulani kule Nazareti na hukuona haya kutuita ndugu zako, uzaliwe tena katika nyumba zetu. Kwa jina lako tumeomba na kuamini. Amina.

Ukiguswa na neno hili, usiniandikie mimi kwanza. Mpigie ndugu yako, yule ambaye hujamwita kwa jina lake siku nyingi. Ukimaliza, njoo useme Amina hapa chini.

Ibada ya mkesha wa Krismasi ni saa tatu usiku. Njooni na watoto, na leteni shuka kwa ajili ya wadogo watakaolala. Mungu awabariki sana.